Ngome ya Babu Chini ya Udongo wa Kuluba

Babu yangu alipelekwa Mombasa na jeshi la Wazungu wakati wa ile vita kubwa ya pili, akiwa kijana ambaye hajawahi kuona maji mapana kuliko mto. Walimweka kwenye mlango wa bandari, pale meli zinapoacha bahari kubwa na kuingia kwenye maji yaliyotulia. Kulikuwa na ngome pale ya kuzuia meli za adui. Babu alitarajia kuta ndefu na bendera. Lori likawashusha juu ya jabali, upepo unapiga, akaona nyasi, vichaka, na mbuzi wanakula. Basi.

"Nikauliza koplo, afande, ngome iko wapi?" Babu alikuwa anatuambia. "Koplo nacheka mpaka kofia naanguka. Ananiambia, wewe mujinga, wewe iko nasimama juu yake!"

Ngome yote ilikuwa chini. Walikuwa wamechimba lile jiwe la pwani, wakajenga vyumba ndani yake, wakafunika paa kwa udongo na majani. Mizinga ilikaa ndani ya mashimo ya mviringo, imepakwa rangi ya mwamba. Na ili nahodha wa adui akitazama kwa darubini asione kitu, jeshi lilinunua mbuzi, likamtoa askari mmoja awachunge juu ya paa mchana kutwa. Babu alisema huyo ndiye askari aliyeonewa wivu kuliko wote. Mbele kidogo ufukweni kulikuwa na ngome ya pili, ya uongo: magogo ya minazi yamepakwa rangi nyeusi, yameelekezwa baharini kama mizinga, na mtu wa kuwasha moto kila asubuhi ili ionekane watu wanapika. Ya kweli haionekani, ya uongo inaonekana. Babu alipenda sana jambo hilo.

Yeye hakupiga mzinga hata siku moja. Kazi yake ilikuwa kulinda ghala la baruti, chini kabisa. Hapo hapaingii moto, wala chuma, wala viatu vya misumari, kwa kuogopa cheche. Taa ilikaa kwenye kijia chembamba nyuma ya ukuta, na mwanga ulipita kwenye kioo kinene. Mwenye taa upande huu, Babu upande ule. Mwenye taa alikuwa mtu wa pwani. Walionana uso kila siku kupitia kioo, na ilipita miezi kabla ya kusikia sauti ya mwenzake.

Nilisikia habari hizo mara nyingi Zaire, tulikokimbilia nilipokuwa mdogo. Baba yangu hakurudi kutoka kwenye vita vya mwaka wa sabini na tisa, na muda si mrefu baadaye tulivuka mpaka: Babu, Nyanya ambaye ni mke wake, Mama, baba mdogo na mimi. Watu walibeba sufuria na magodoro. Nyanya alibeba chungu kidogo cha mbegu za karanga, zile nyekundu ndogo za kwetu Kuluba. Akazipanda Zaire kwenye shamba la kuazima. Kila mwaka tulikula kidogo, nyingine akaziweka ziwe mbegu. Mwaka ule kabla ya kurudi, Nyanya alifariki. Tulimzika huko huko. Maneno yake ya mwisho kwa Babu tuliyasikia sote, kwa sababu nyumba ilikuwa chumba kimoja: "Hii karanga irudi nyumbani."

Kwa hiyo tuliporudi, Babu alibeba gunia la karanga kichwani mwake mwenyewe, njia yote. Baba mdogo alijaribu kumpokea akafukuzwa. Nyumba tuliikuta imeanguka, shamba limekuwa kichaka. Hapakuwa na mtu wa kutugawia mbegu, kila mtu alikuwa anatafuta. Gunia lile ndilo lililokuwa chakula chetu cha mwaka unaokuja, na ndilo lililobaki la Nyanya.

Watu wengine walijenga ghala la nyasi juu ya miti, kama kawaida. Babu akakataa. La zamani lilichomwa lote, alisema, kwa sababu lilionekana tangu barabarani.

"Mutu naona ghala, nataka ghala," alisema. "Mutu naona majani, napita."

Akaanza kuchimba kwenye kichuguu kikubwa nyuma ya nyumba. Ilikuwa kiangazi, udongo mgumu kama chungu kilichochomwa, jembe linaruka. Baba mdogo alichimba huku analalamika, mimi nikatoa udongo kwa karai. Babu alipanga ndani matofali ya nyumba yetu iliyoanguka, akaweka mabati, akafunika kwa udongo na nyasi. Kwenye lori lililokufa kando ya barabara ya Koboko alikuta kipande cha kioo cha dirisha kizima. Alikileta amekikumbatia kama mtoto. Akakijenga ukutani, nyuma yake akaacha kishimo cha kuweka tadoba, ile taa yetu ya mkebe.

Baba mdogo alisimama akashika kiuno. "Mzee, hii karanga nalipuka?"

"Karanga haiko nalipuka. Akili yako ndiyo nalipuka. Leta matofali."

Ghala lilipokwisha, Babu alitaka mlinzi. Alitutazama mmoja mmoja akanichagua mimi. Nilikuwa na miaka kumi na minne, nasubiri shule. Walikuwa wamenipokea shule mjini Arua, lakini shule yenyewe ilikuwa bado inatafuta walimu na madawati, tukaambiwa tuje muhula wa pili. Mimi ni msichana wa kunyamaza. Mgeni akija naenda nyuma ya nyumba. Mama aliona aibu kwa ajili yangu. Babu hakuona hivyo.

"Ghala inataka mutu ya kimya," alisema. "Mutu ya maneno mingi anaita wezi."

Sitasema uongo, nilifurahi mpaka nikashindwa kula. Hakuna mtu aliyewahi kunichagua kwa sababu ya kunyamaza.

Kila jioni, jua likiwa bado lipo, tulikwenda mlangoni. Mama aliweka tadoba kwenye kishimo chake. Babu akasimama wima.

"Chuma?"

"Hakuna."

"Moto?"

"Hakuna."

"Viatu?"

"Hakuna."

Ndipo niingie miguu mitupu, nitazame gunia, nitazame panya, nitoke. Mama akitaka kuingia ilibidi avue bangili. Alizivua bila neno, akimpa Babu mgongo ili asimwone anavyokunja uso. Halafu niliandika mstari mmoja kwenye daftari ambalo Babu alilipasua nusu na kulishona kwa uzi: Ghala salama. Babu aliweka sahihi yake chini, polepole, kama alivyofundishwa jeshini. Nusu ya pili ya daftari alinipa mimi. Ndiyo hii ninayoandikia mambo yangu.

Mvua ya kwanza ilikuja mwezi wa tatu, ya nguvu, usiku kucha. Asubuhi nilishuka nikakuta sehemu ya chini ya ukuta imekuwa nyeusi. Nikapapasa, mkono ukatoka na tope. Nilipotoka, baba mdogo alikuwa amekaa na wanaume wawili wa jirani, wanakunywa chai na Babu.

"Mzee," alisema, "leo mvua nanyesha juu ya kaburi ya karanga."

Wale wanaume wakacheka. Babu naye akacheka, maana alikuwa na uhakika. Akanigeukia mbele yao wote.

"Mulinzi! Ghala namna gani?"

Macho manne ya wageni na mawili ya baba mdogo. Nilihisi masikio yanawaka. Kama ningesema kweli, ningetakiwa kueleza: wapi, kiasi gani, tangu lini. Na baba mdogo angeshinda. Neno moja lilikuwa fupi kuliko yote.

"Salama," nilisema.

"Nasikia?" Babu aliwaambia. "Ngome haiulizi mvua."

Jioni nikaandika hivyo hivyo katika daftari lake. Katika langu niliandika: Ukuta unatoka jasho. Labda kesho utakauka.

Kesho mvua ikanyesha tena. Siku ya tatu kioo kilijaa matone mpaka taa ikaonekana kama jicho la mgonjwa, na kulikuwa na harufu ya nguo iliyosahauliwa kwenye beseni. Mara zote mbili niliandika Salama. Babu akaweka sahihi. Nilijiambia nasubiri apate nafasi, nasubiri asiwe amechoka. Ukweli ni kwamba nilikuwa nahesabu siku za kwenda Arua. Nilifikiri, nikiwa kule kwa shangazi, mtaa wa Oli, watafungua ghala wenyewe, na mimi sitakuwepo. Naandika hili kwa sababu ndilo linaloniuma zaidi, kuliko hata ule uongo.

Siku ya nne niliingiza mkono ndani ya gunia mpaka kiwiko. Kulikuwa na joto. Si joto la jua. Joto la kitu kilicho hai, kama chini ya tumbo la kuku anayeatamia. Babu alikuwa amenifundisha siku ya kwanza kabisa: ghala likipata joto, hakuna kuuliza, toa ripoti mara moja.

Nilikaa nyuma ya jiko na daftari lake magotini. Mdomo wangu ulikataa. Mkono haukukataa. Niliandika: Ghala si salama. Maji yanaingia chini. Karanga zina joto. Nilijua tangu mvua ya kwanza, nikaficha. Nikaenda nikampa kwa mikono miwili, nikapiga magoti.

Babu alisoma kwa kidole, midomo inatembea. Akafika mwisho. Akarudisha macho juu, kwenye mistari mitatu ya Salama na sahihi zake tatu.

"Joto?"

"Joto, Babu."

"Kama nini?"

"Kama chini ya kuku."

Alifumba macho. Nilitazama vidole vyake ili nisiutazame uso. Kisha akasema, "Ita mama yako. Ita na baba yako mudogo."

Nilijua ni fimbo. Walikuja, Mama ana unga mikononi, baba mdogo anafunga shati. Babu akanirudishia daftari.

"Simama. Soma."

Nikasoma.

"Nani nasikia? Ripoti ni ya watu wote. Soma na nguvu."

Nikasoma tena. Sauti ilitoka imepasuka katikati, kama ya jogoo mdogo. Nilipofika kwenye neno nikaficha, nilitamani ardhi inimeze, lakini nilisoma mpaka mwisho.

Baba mdogo akafungua mdomo. "Si nilisema mimi? Si nilisema hii mzee iko—"

"Wewe ngoja," Mama akamwambia.

Maana Babu alikuwa amesimama. Alikutanisha viatu vyake vya tairi, akanyoosha mikono mapajani, akamwelekea Mama. Kwetu mkwe hasimami mbele ya mke wa mwanawe namna ile. Mama alitazama chini, hajui mikono yenye unga aiweke wapi.

"Ripoti," Babu alisema. "Mutu ya kujenga ghala: mimi. Kule Mombasa jiwe yao nakunywa maji. Nikasahau. Hapa udongo ni mwingine, hapa udongo natapika maji. Tena kule iko tundu ya hewa. Hapa nikaziba na matope, naogopa panya. Mutoto amedanganya siku tatu. Mimi nimetia sahihi siku tatu bila kuingia ndani. Nimemaliza."

Akabaki amesimama hivyo, shingo ngumu, anasubiri. Nikaelewa kwamba kweli anasubiri kuhukumiwa na Mama, kwa sababu Nyanya hayupo.

Mama akapangusa mikono kwenye kitenge. "Nimesikia, Baba," alisema polepole. "Na mimi nilinyamaza. Marehemu Mama, bibi yako, alikuwa natundika hii karanga juu ya moshi ya jiko, miaka yote, hata huko Zaire. Mimi najua. Niliona namna Baba nachimba na roho yote, nikasema niache tu." Kisha akainua uso, na sauti ikawa ile ya kila siku. "Sasa tutoe mbegu. Jua nakwenda."

Tukakimbia. Baba mdogo alifika mlangoni kwanza, akasimama ghafla, akashika mkanda wake wenye kifungo cha chuma. Sijui kama ilikuwa kejeli au mazoea.

"Mzee, niko na chuma."

"Ingia hata na panga, mupumbavu!"

Mama akacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu Nyanya afe. Tukatandika turubai tulilopewa wakati wa kurudi, tukamwaga gunia. Mvuke mdogo ukapanda, na harufu. Tukakaa wanne kuzunguka, tukaanza kuchambua moja moja. Zilizooza, nyeusi, zenye kuvu, hata kuku hatukuwapa. Zilizokuwa juu ya gunia, kavu, Mama alizichukua bila kuuliza mtu, akazitia kwenye kitambaa na kuzitundika juu ya jiko. Katikati lilikuwepo fungu la tatu, kubwa kuliko nilivyotegemea: ganda limepasuka na mzizi mweupe umechomoza, mfupi, kama jino la kwanza la mtoto.

"Hizi zimekufa?" niliuliza. Baadaye Mama alisema ndiyo mara yangu ya kwanza kuuliza kitu mbele ya baba mdogo.

Babu aliweka moja kiganjani, akaisogeza karibu na jicho. "Hii haikufa. Hii nimeiita mapema. Lakini kesho mzizi nakauka, basi."

Shamba lilikuwa bado kichaka. Hapakuwa na udongo uliolimwa popote, isipokuwa ule tuliotoa sisi wenyewe kwenye shimo, ambao ulikuwa umetandazwa pembeni ya kichuguu, laini na umelowa. Baba mdogo alikuwa ameshachukua jembe kabla Babu hajasema. Alitoboa mistari, Mama na mimi tukaweka mbegu, mzizi chini, na Babu akafuata nyuma anafunika kwa mguu mtupu, akikanyaga kidogo tu, kama mtu anayepita karibu na mtu aliyelala. Mvua ilitukuta mstari wa mwisho. Hakuna aliyekimbia. Baba mdogo alilalamika kwamba amelowa mpaka rohoni, na Babu akamwambia roho yake ilikuwa inahitaji kuoshwa.

Usiku huo sikuandika kitu katika daftari lolote. Babu hakunipiga, wala hakuniambia nimesamehewa. Asubuhi aliniita kama kawaida, tukaondoa kile kioo ukutani pamoja, nikakishika mimi. Ghala likabaki wazi, baadaye bata wakahamia.

Watu wa shule wangependa niandike kwamba tangu siku hiyo nilikuwa msemaji. Hapana. Hapa Arua mwalimu akinitaja bado natazama dawati, na shangazi huku Oli anasema ninakaa nyumbani kwake kama mgeni wa jana. Lakini nina sauti moja, ile ya kusoma ripoti, na ninajua iko wapi.

Karanga zilitokeza wiki moja kabla sijaondoka. Babu alikuja kunigongea mlango alfajiri kama amepata barua. Tukaenda, umande umejaa miguuni. Majani madogo yalikuwa yamefunguka, kijani kabisa juu ya ule udongo mwekundu, mstari baada ya mstari. Lakini mistari ilikuwa na mapengo, kama mdomo wa mzee. Mahali pengine hatua mbili nzima hakuna kitu.

Babu alitembea polepole, mikono nyuma. Kwenye pengo la kwanza akagusa udongo kwa kidole cha mguu.

"Hii yangu," alisema. "Ya tundu ya hewa."

Akaenda mbele. "Hii yako. Siku ya pili hiyo."

"Ndiyo, Babu."

"Hii ya baba yako mudogo, alichimba ndefu kama kaburi. Mimi nilimuona."

Tukaendelea hivyo, yangu, yako, yangu, ya mvua, mpaka karibu na njia, kwenye pengo kubwa kuliko yote, ambapo hata jani moja halikutokea.

"Hii yangu," Babu alisema.

"Hapana," nikasema. "Hii ni ya siku ya tatu. Ni yangu."

"Mimi nilijenga."

"Mimi niliandika."

"Mutoto, iko nabishana na mzee?"

"Niko nabishana, Babu. Ni yangu."

Alinitazama, akatazama pengo, akachuchumaa pale kwa taabu, akanivuta kitenge nichuchumae naye. Jua lilikuwa linatoka upande wa Koboko. Tukakaa pande mbili za lile pengo, kila mtu anadai ni lake, mpaka Mama akatuita chai ikiwa imepoa.